Wiki ya Kukata Kushoto

Jumamosi, 2 Agosti

Upepo umeangusha pikipiki. Ilikuwa uani, imeegemea stendi ya pembeni, imefunikwa turubai ili vumbi lisiingie kwenye kabureta. Vumbi halikuingia. Turubai lilijaa upepo kama tanga, likailaza pikipiki ubavu wa kulia, juu ya ndoo ya maji ya mke wangu. Ndoo imepona. Maji yamemwagika, na hayo ndiyo yaliyozungumzwa nyumbani hadi saa nne usiku, maana leo haikuwa zamu ya mtaa wetu kupata maji. Indiketa ya nyuma kulia imekatika shingoni, inaning'inia kwa nyaya mbili, mmoja wa bluu na mwingine wa kijani.

Babu jirani alikuwa anapita. Ni Mgogo wa hapahapa Ipagala, Dodoma, alilima uwele pale ambapo leo kuna fremu za maduka na saluni. Akasema "Mbukwenyi", nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaitazama pikipiki kwa muda wa kutosha.

"Imeanguka," akasema.

"Imeanguka, babu."

"Ni upepo."

Akaenda zake. Upepo huu huanza kiangazi kikishika na hautulii mpaka mvua zikaribie, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kuongeza neno.

Jumapili, 3 Agosti

Baada ya ibada nimefungua siti nione nyaya zinakopita.

Pikipiki yangu ni ya Kichina, cc 125, nimeinunua kwa mtu. Injini yake ni mjukuu wa Honda CG125, ambayo Wajapani walianza kuiuza mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambazo oili haibadilishwi kwa wakati na cheni hukazwa ikishaanza kupiga kelele. Ni pikipiki iliyoundwa kwa kutufikiria. Wachina waliponakili injini walinakili na rangi za nyaya: chungwa ni indiketa za kushoto, bluu mpauko ni za kulia, kijani ni ethi, kijivu ndio unaotoka kwenye flasha, kile kifaa cha kupepesesha taa, kwenda kwenye swichi. Mtu akizijua rangi hizi nne hana sababu ya kumwita fundi.

Chini ya siti yangu nyaya nyingi ni nyekundu. Fundi aliyepita alikuwa na waya mwekundu, akautumia. Maungio ameyasokota kwa vidole na kuyafunga kwa nailoni iliyoyeyushwa kwa kiberiti. Ukiikwangua unaona ni ya mfuko wa rambo wa bluu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019. Ama kazi hii ilifanyika kabla ya hapo, ama fundi ana akiba.

Nimefunika siti.

Jumatatu, 4 Agosti

Kazini kwangu ni Mtumba, Mji wa Serikali. Kutoka Ipagala unashika barabara kuu ya Dar es Salaam, unanyoosha. Tatizo ni kwamba lazima uivuke barabara hiyo mahali fulani, ama kwenda ama kurudi, na haivukwi kwa kukata kushoto.

Kanuni zinaruhusu ishara ya mkono: anayekata kulia ananyoosha mkono wa kulia. Aliyeandika hivyo alikuwa na gari. Kwenye pikipiki mkono wa kulia ndio ulioshika mafuta, na ukiuachia pikipiki inaanza kulala katikati ya njia huku ukiwa umeelekeza kidole upande. Leo nimeunyoosha mara ya kwanza, na basi la watumishi lililokuwa linakuja mbele yangu likajibu kwa honi na mikono kutoka madirishani. Nilipofika ofisini nikaambiwa asante kwa salamu.

Jioni sikutaka kusalimia tena. Nikaipita kona ya nyumbani, nikasimama kando upande wa kushoto, nikazima, nikashuka, nikaisukuma pikipiki kuvuka barabara. Kwa mtembea kwa miguu sheria haidai indiketa. Kijana wa bodaboda akasimama, akaniuliza kama mafuta yamekata, akaanza kutafuta chupa. Nikamwambia mafuta yapo. Akaniuliza sasa mzee unasukuma nini. Foleni ya malori ilikuwa ndefu na nyumbani walikuwa wananingoja, nikamwambia plagi.

Jumanne, 5 Agosti

Mchana nimekwenda mjini, duka la spea. Hesabu yangu ilikuwa safi. Tangu bajeti ya 2021/22 faini ya kosa moja la pikipiki na bajaji ilishushwa kutoka Sh 30,000 hadi Sh 10,000. Indiketa moja ni Sh 4,000. Nilikuwa ninaingia dukani nikiwa mbele kwa Sh 6,000.

"Za nyuma kulia zimeisha, mkuu," akasema muuzaji. "Chukua hii ya mbele kushoto."

Nikamwambia iliyovunjika ni ya nyuma kulia. Akaiweka juu ya meza ikinitazama mimi, kisha akaigeuza itazame kwake. Ile shingo iliyokuwa inaelekea kushoto sasa inaelekea kulia. Ni kweli kabisa: taa ya mbele kushoto ikitazama nyuma inakuwa ya nyuma kulia, na ya mbele kulia inakuwa ya nyuma kushoto. Nina pikipiki hii miaka kadhaa na sikuwahi kuambiwa. Nilivutiwa na elimu hiyo kiasi kwamba alipoanza kuzungumza habari za LED nilikuwa bado ninageuza taa mkononi.

Akasema hizi za balbu ni za zamani. Za LED haziungui, hazili betri, zinaonekana mchana kweupe. Ila usiweke moja, weka zote nne, pikipiki ipendeze. Seti Sh 16,000. Nikamuuliza kama flasha inabidi ibadilishwe. Akasema haina haja, mkuu, unachomeka tu.

Nimerudi na seti. Mke wangu amezitazama, akauliza zilizovunjika ni ngapi. Nikasema moja. Akarudi jikoni.

Jumatano, 6 Agosti

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, yupo kwetu kwa likizo. Anasomea umeme wa majumbani, mwaka wa pili. Nilipotoka kazini nikamkuta ameshakaa kwenye kigoda kando ya pikipiki, testa sikioni, amevaa zile glavu zake za chuo. Akaniuliza nyutro iko wapi. Nikamwonyesha gia.

Nikamweleza kwamba hapa ni volti 12, betri ndogo, chanya inapita kwenye swichi na hasi inarudi kupitia ethi. Akasema umeme ni umeme, shemeji. Nikamwachia nyuma, mimi nikashika mbele.

Kazi yake ni safi kuliko yote iliyowahi kufanyika ndani ya pikipiki hii. Amekata maungio ya nailoni, amemenya waya urefu wa kucha, amesokota nyuzi za shaba bila hata moja kuchomoza, akafunga tepu nyeusi kwa kuivuta kidogo ili ishike. Bluu kwa bluu, kijani kwa kijani. Alipomaliza aliinua kichwa. Shingo ya indiketa ni bolti yenye tundu katikati. Waya unapita ndani ya tundu, unaingia kwenye bati la fremu, kisha nati inavalishwa kwenye waya na kusogezwa hadi kwenye bolti ikaze. Nati inavalishwa kwanza, nyaya zinaungwa baadaye. Nati ilikuwa kwenye gazeti.

"Shemeji," nikamwambia, "itabidi ukate."

Wakati anazitazama nyaya zake kwa huzuni ya haki, jogoo wa babu jirani alipita juu ya gazeti, akaipima nati kwa jicho moja, akaimeza.

Shemeji akasema basi hakuna haja ya kukata.

Nikaenda kwa babu. Nikamweleza. Akamwita jogoo, jogoo akaja, wote wawili wakanisikiliza. Babu akasema jogoo huyu ni wa Krismasi, akichinjwa nitaletewa nati yangu, na firigisi juu. Nikamshukuru. Akaniuliza kwani hizo taa ni za nini hasa. Nikamwambia ni za kuwajulisha wenzako unakokwenda. Akasema amechunga ng'ombe tangu utoto, hawana taa, na hajaona wawili wakigongana.

Nati za kawaida zinakataa, meno ya bolti hii ni madogo. Bahati nzuri ile indiketa iliyovunjika ilikatikia shingoni, na kipande kilichobaki kwenye fremu bado kina nati yake ya zamani. Nikaitaka spana namba kumi na nne. Ipo kwa jirani wa upande wa pili, anakazia kitanda. Kitanda kimekazwa saa mbili usiku.

Shemeji amekata nyaya na kuziunga upya, hakusema neno.

Majaribio. Mwanangu wa darasa la tatu nimemsimamisha nyuma aniambie. Nikafungua swichi ya funguo, nikawasha kulia.

"Inawaka," akasema.

Nikasubiri. "Sasa?"

"Inawaka."

"Bado?"

"Bado inawaka, baba."

Nimekwenda nyuma mwenyewe. Inawaka kweli, mwanga mkali wa chungwa, imetulia. Tumeitazama hiyo tu, wote watatu. Haikupepesa hata mara moja.

Alhamisi, 7 Agosti

Flasha yenyewe ni kopo dogo la bati chini ya siti, na kinachofanyika ndani yake ni rahisi kuliko jina lake. Kuna utepe wa metali mbili zilizogandana. Umeme unaokwenda kwenye taa unapita hapo, utepe unapata joto, unajipinda, unakata umeme, taa inazimika. Utepe unapoa, unanyooka, taa inawaka. Ndiyo ile tik-tok unayoisikia. Balbu mbili za wati 10 zinavuta karibu ampea 1.7, zinatosha kuupasha utepe moto. LED mbili za wati moja moja hazifikishi hata ampea 0.2. Utepe haupati joto, haujipindi, taa inakaa imewaka. Muuzaji alisema kweli kwamba hazili betri. Ndilo tatizo.

Nimenunua flasha ya LED kijiweni kwa mafundi pikipiki, Sh 5,000. Ina miguu miwili, mmoja umeandikwa B na mwingine L. B ni upande wa betri, L ni upande wa taa, na hii ya kielektroniki haikubali kubadilishiwa miguu kama ile ya kopo. Waya mweusi B, wa kijivu L. Nimechomeka palepale kijiweni, mbele ya watu, nikawasha kulia.

Zimepepesa. Zote nne.

Nikawasha kushoto. Zote nne. Pikipiki inatangaza kwamba inakata pande zote mbili kwa usawa.

Kijiwe kiliamka. Mmoja akasema swichi imekufa. Mwingine akasema betri ndogo. Wa tatu akasema LED feki. Mkubwa wao, aliyekuwa anakula muwa, akasema hiyo ni shoti. Nikamuuliza shoti iko wapi. Akasema shoti haina mahali, mzee, shoti ni shoti. Kijana mmoja alipendekeza tung'oe za kushoto, ili zinazobaki zote ziwe za kulia, nami nikajikuta ninalifikiria pendekezo hilo kwa uzito kuliko lilivyostahili.

Nyumbani mke wangu aliona kuanzia getini.

"Si zote zinawaka sasa, baba watoto?"

"Zinawaka."

"Basi."

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane, hakuna kazi. Barabara kuu imejaa magari yanayokwenda Nzuguni kwenye maonyesho. Umeme umekatika tangu asubuhi. Babu jirani ameleta bakuli la zabibu za mavuno ya msimu huu, hakutaja jogoo.

Nimekwenda kwa fundi redio, huku mitaani kwetu. Siku hizi anatengeneza simu zaidi, lakini kibao chake bado kinasema redio, kaseti na pasi. Nikaanza kueleza. Nilipofika "zote nne" akanikatisha.

"Dashibodi ina taa ngapi za indiketa? Moja au mbili?"

Moja.

"Ndiyo hiyo."

Alieleza huku akitafuta kitu kwenye katoni. Pikipiki za namna hii zina balbu moja ndogo ya dashibodi kwa kushoto na kulia. Mguu mmoja wa balbu umefungwa kwenye waya wa chungwa, mwingine kwenye wa bluu. Haina ethi yake. Ukiwasha kulia, umeme unaingia kwa upande wa bluu, unapita kwenye balbu, unatokea kwenye chungwa, unakwenda kutafuta ethi kupitia taa za kushoto. Zamani taa za kushoto zilikuwa balbu za wati 10, umeme huo mdogo unapita ndani yake bila hata kuzipa wekundu. LED hazihitaji zaidi ya hapo. Zinapata kile kidogo, zinawaka. Hakuna shoti, hakuna kilichokufa. Ni Wajapani wa mwaka 1976 waliobana matumizi ya balbu moja, wakati ambao LED haikuwa taa ya kuweka kwenye pikipiki.

Katika katoni alitoa chaja ya simu iliyoungua. Akaivunja kwa koleo. Ndani, kwenye kibati cha kijani, kulikuwa na vijipipa vyeusi vinne vilivyopangwa safu, kila kimoja si kikubwa kuliko punje ya mchele, na pete ya fedha upande mmoja. Dayodi, 1N4007. Inavumilia hadi volti 1,000 na ampea moja, akasema, hizo 12 zako haitazihisi. Dayodi inapitisha umeme kuelekea kwenye pete na kukataa kurudi. Unang'oa balbu ya dashibodi kwenye nyaya zote mbili, unaleta chungwa kwa dayodi moja na bluu kwa nyingine, pete zinakutana kwenye mguu mmoja wa balbu, mguu wa pili unakwenda kwenye kijani. Umeme wa kulia ukifika hapo unashuka kwenye ethi, hauna njia ya kuvukia upande wa pili.

Ilibaki kuchomelea kwa risasi, na umeme hakuna. Fundi hakuhangaika. Ana chuma cha kuchomelea cha kizamani, kichwa cha shaba, mpini wa mti. Akakipeleka kwa mama anayekaanga mihogo jirani yake, akakichomeka kwenye makaa chini ya karai. Mama akasema makaa yake yanauza mihogo. Nikanunua mihogo. Chuma kilipoiva risasi iliyeyuka mara moja, ikakaa kwenye maungio mviringo, inang'aa. Harufu ya chumvi, pilipili na risasi. Fundi akachukua Sh 1,000 na kipande cha muhogo.

Nyumbani nimefungua dashibodi. Plastiki ya pikipiki iliyokaa kwenye jua la Dodoma haifunguki, inakatika, na vishikizo viwili vimekatika. Kioo sasa kinashikwa na tepu nyeusi. Sindano ya mwendo nayo imehama kwenye kituo chake: pikipiki ikiwa imezimwa, uani, inasoma kilomita 20 kwa saa.

Shemeji ameunga nyaya. Safari hii hapakuwa na nati.

Kulia: za kulia mbili, na taa ya dashibodi. Kushoto: za kushoto mbili, na taa ya dashibodi. Zinapepesa taratibu, kiwango cha kimataifa ni mara 60 hadi 120 kwa dakika, nazo zimo humo. Nilimwita mwanangu aje aone. Akatoka, akaziona, akaniuliza kama anaweza kurudi ndani.

Jumatatu, 11 Agosti

Kazini kwa indiketa.

LED zinaonekana mchana kweupe, muuzaji alisema kweli hapo pia. Nilipowasha ya kulia ili niingie kona, bodaboda wa mbele akageuka, akainua mkono, akakunja na kukunjua vidole. Hiyo ni lugha ya barabara yetu: umesahau taa, zima. Nikaendelea kuwasha. Wa pili akafanya vilevile. Dereva wa daladala akatoa kichwa dirishani, "Mzee, indiketa!" Mama mmoja kando ya barabara, mwenye beseni kichwani, mkono mmoja umeshika beseni, mwingine unakunja na kukunjua. Wote walikuwa na nia njema. Hakuna aliyedhani kwamba ninakata kulia. Nilipokata, walipiga honi.

Matumizi: taa Sh 16,000, flasha Sh 5,000, dayodi Sh 1,000. Jumla Sh 22,000, mihogo kando. Nati iko kwa babu.

Mwenye pikipiki ya namna hii anayetaka LED aangalie kwanza dashibodi. Kama taa ya indiketa ni moja, anunue flasha yake na dayodi mbili siku hiyohiyo, na kama muuzaji atasema haina haja, anunue hivyohivyo. Au abadilishe ile iliyovunjika peke yake, aweke ya balbu ya wati 10, Sh 4,000, akaendelee na maisha.